Naomba ushauri: nipange vipi aina za vichwa vya treni vya TAZARA (reli ya Tanzania na Zambia)?

Wakuu, heshima kwenu. Niko Mbeya, natayarisha chati ya ukutani kwa vijana wa mtaani kwetu Iyunga, ambao treni inapita karibu na nyumba zao na bado wanaviita vichwa vyote "injini" tu. Natamani wavitambue kwa majina.

Ninapokwama ni kwenye mpangilio. Vile vya Kichina vya mwanzo, DFH1 na DFH2, ni vya dizeli lakini nguvu hufika kwenye magurudumu kwa njia ya mafuta ya haidroliki. U30C za muundo wa Kimarekani nazo ni dizeli, ila injini inazungusha jenereta, na umeme wake ndio unaoendesha mota za kwenye ekseli. Hata jina lenyewe linajieleza: 30 ni nguvu farasi 3,000, C ni ekseli tatu zenye mota kwa kila bogi (fremu ya magurudumu chini ya kichwa). Mimi naona tofauti hiyo ndiyo kubwa kuliko zote, hasa ukifikiria mlima wa Mlimba hadi Makambako na mzigo mzito nyuma.

Sasa nianze na mfumo wa kupeleka nguvu, au na kazi, yaani safari ndefu na kupanga mabehewa stesheni? Na vichwa vya TRC (Shirika la Reli Tanzania) nivitie chati hiyohiyo, wakati upana kati ya vyuma vya reli yao ya zamani ni milimita 1,000 na yetu 1,067? Waliofanya kazi karakana au kuendesha, tafadhali nielekezeni.