Naomba ushauri: je, wahusika wadogo wa Dickens wanaweza kuondolewa?

Mwanagenzi: Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Ninaitafsiri kwa ufupisho riwaya ya Charles Dickens, Great Expectations, kwa ajili ya wanafunzi wa sekondari, na nimekwama kiasi cha kukosa usingizi. Kisa cha yatima Pip, mfungwa Magwitch anayemfadhili kwa siri, na Estella, msichana ampendaye Pip, kinajitosheleza, lakini pembeni yake wamo karani Wemmick na baba yake kiziwi, Wopsle anayehangaikia uigizaji, na wengine wengi. Wana kazi gani hasa?

Kiti cha Nyuma: Riwaya hiyo ilitoka kila wiki katika jarida kuanzia Desemba 1860 hadi Agosti 1861. Msomaji aliyesubiri siku saba alihitaji watu wenye alama za kukumbukwa haraka. Ni sababu ya biashara tu.

Bi Maktaba: Hiyo haitoshi, ndugu yangu. George Eliot alianza habari za Dorothea na za daktari Lydgate kama kazi mbili mbalimbali, kisha akaziunganisha kuwa Middlemarch, iliyotoka 1871 na 1872, na ndoa zao mbili, kila mmoja na mwenzi wake, zinazowaelemea wenyewe ndani ya mji mmoja zikawa zinafafanuana. Mimi niliisoma nikimuuguza mama yangu, na aliyenigusa zaidi ni Mary Garth, anayekesha na mzee mgonjwa na kukataa fedha zake.

Mzee wa Bandarini: Kazi ya marehemu ni amana. Mfasiri hana ruhusa ya kumfukuza mtu katika nyumba ambayo hakuijenga.

Kiti cha Nyuma: Mwanagenzi, hujatuambia umefika wapi. Umekwisha kuwaondoa?

Mwanagenzi: Kwa kuwa nimeulizwa, nitasema. Wemmick na Wopsle hawamo tena, na muswada uko kwa mchapishaji, ambaye alitaka theluthi moja ya urefu wa awali. Sioni ubaya wake, kwa sababu kijana wa kidato cha tatu anahitaji njia iliyonyooka.

Mdadisi: Samahani, lakini nina shaka. Swali hili linafanana mno na kazi ya nyumbani ya chuo iliyovishwa hadithi ya muswada. Kama muswada upo kweli, tueleze: nani anamwandikia Pip asirudi nyumbani kwake usiku ule ambao nyumba inapelelezwa kwa sababu ya Magwitch?

Mwanagenzi: Muswada upo. Barua hiyo nimempa wakili Jaggers, mwajiri wa Wemmick, aiandike yeye.

Bi Maktaba: Basi nakuamini, maana mwanafunzi asingepata tatizo hili. Jaggers hawezi kuandika barua hiyo. Magwitch alifukuzwa Uingereza kwa maisha yake yote na kupelekwa New South Wales, koloni la Australia, na akirudi adhabu yake ni kifo, ndiyo maana wakili huyo anashikilia kwamba mteja wake bado yuko New South Wales na hataki kusikia lingine. Wemmick anaweza, kwa sababu ana maisha mawili: ofisini ni mkavu kama bwana wake, lakini kule Walworth ana kijumba chenye daraja la kuinuliwa, na kila usiku saa tatu hufyatua mzinga ili baba yake afurahie mlio anaoweza kuusikia. Karani anamtunza baba yake wakati uleule Pip anapomwonea haya Joe, aliyemlea. Ukimwondoa, aibu hiyo inabaki bila kipimo.

Kiti cha Nyuma: Naye Wopsle ndiye anayemwona Compeyson, adui wa Magwitch, ameketi nyuma ya Pip katika ukumbi wa maigizo, na anamtambua kwa sababu alikuwapo wafungwa hao wawili walipokamatwa kinamasini.

Mwanagenzi: Kwangu Pip anamwona mwenyewe, na mbio za kumtorosha Magwitch zinaanza mara moja.

Kiti cha Nyuma: Hofu yote imo katika kutojua kwamba adui alikuwa nyuma ya bega lako. Ukimpa Pip macho hayo, umebaki na mbio tupu.

Bi Maktaba: Omba urudishiwe sura ya 25, 45 na 47, hata kwa ufupi. Nafasi utaipata kwa kupunguza habari za nyumba ya akina Pocket, familia ya mwalimu wa Pip, kule Hammersmith, ambako msuko hautegemei mengi.

Mwanagenzi: Hammersmith niliiacha nzima kwa kuwa inachekesha. Nitamwandikia mchapishaji leo kuhusu Wemmick. Kuhusu Wopsle bado hamjanishawishi.