Draiva za Windows 10 kwenye Dell ya 2011 yenye Mint pembeni: njia ipi hainimalizii data wala kuniharibia mashine?

Mchapaji_Busia

Habari za jioni wakubwa. Nina duka dogo la kuchapa na fotokopi hapa Busia, upande wetu wa mpaka. Kazi zangu ni fomu za mawakala wa forodha, barua za maombi ya kazi, na muhula ukikaribia kwisha, mitihani ya shule za msingi. Mashine ni Dell OptiPlex 790, i5-2400, RAM 8 GB. Diski ni moja, nusu Windows 10 ya biti 64, nusu Linux Mint, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta. Windows ni ya printa na programu moja ya kupanga kurasa isiyopatikana kwenye Linux. Mint ni ya intaneti na ya kufungulia flashi za wateja, maana virusi vya flashi vilishanitesa vya kutosha.

Wiki iliyopita nilipiga Windows upya, kisha nikairudisha Mint kwenye menyu ya kuwashia kwa programu ya Boot Repair. Upande wa Mint kila kitu kinafanya kazi. Upande wa Windows skrini imekwama 1024 kwa 768, sauti hakuna, na kidude cha wi-fi cha USB hakitambuliki kabisa. Fundi mmoja alinipa kwenye flashi programu inayotafuta yenyewe draiva, yaani programu ndogo zinazoiwezesha Windows kutumia vifaa. Ikaniambia draiva 23 zimepitwa na wakati, halafu ikadai hela kabla ya kuziweka. Nimeitoa.

Nimesikia njia kadhaa: Windows Update, tovuti ya Dell, katalogi ya Microsoft, na programu ya Snappy. Nanunua data kwa wiki, na umeme wetu si wa kutegemea. Ninyi mngechagua ipi?

Kasese256

Snappy Driver Installer Origin, bila kufikiri mara mbili. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi, haina matangazo. Mimi natembea na diski ya nje yenye mkusanyiko wake wote wa draiva. Naenda vijiji ambako mtandao ni wa kubahatisha, nachomeka, baada ya dakika ishirini mteja ana sauti na picha. Tovuti ya Dell kwa mashine ya umri huo itakupa zaidi draiva za Windows 7.

Binti_Mbale

Kaka wa Kasese, kwa fundi anayehudumia mashine hamsini nakubaliana nawe. Lakini mkusanyiko mzima ni makumi ya gigabaiti, na huyu ana kompyuta moja na data ya wiki. Atapakua ghala zima ili atoe vitu vitatu?

Ndugu yangu wa Busia, wewe una kitu ambacho wengi hawana: Mint inayofanya kazi ndani ya mashine hiyohiyo. Itumie ikuambie una chipu gani. Fungua terminali uandike `lspci -nn`. Kila kifaa kitaonyesha namba mbili ndani ya mabano. Kwa i5-2400, picha inapaswa kuwa 8086:0102. Ile 8086 ni Intel, 0102 ni HD Graphics 2000. Kwa kidude cha wi-fi andika `lsusb`.

Namba hizo ndizo utakazotafuta kwenye katalogi ya Microsoft, catalog.update.microsoft.com. Andika `VEN_8086&DEV_0102` kwenye kisanduku cha kutafutia. Kwa vifaa vya USB tumia VID na PID badala ya VEN na DEV. Utapata faili za .cab (zimebanwa, utazifungua baadaye), moja kwa kila kifaa, na Firefox ya Mint inazipakua bila shida. Unalipia data ya kile unachokihitaji tu.

Sauti ndiyo huwapoteza watu. `lspci` inakuonyesha kidhibiti cha sauti cha Intel, lakini chipu inayotoa sauti yenyewe ni nyingine iliyo nyuma yake. Itazame kwa `cat /proc/asound/card0/codec#0 | head`. Ukiona Realtek ALC269, katalogini tafuta `VEN_10EC&DEV_0269`. Nimewaona watu wakiweka draiva ya kidhibiti mara tano wakidhani kompyuta imelogwa.

MwalimuArua

Mimi nasimamia chumba cha kompyuta cha shule ya sekondari, mashine za zamani zote, na maoni yangu ni tofauti kidogo. Swali la kwanza liwe: nini hakifanyi kazi? Una vitu vitatu. Tengeneza hivyo vitatu, uache vingine. Draiva ya chipu ya 2011 haitakuwa bora kwa sababu tu ina tarehe mpya.

Na kuhusu zile draiva 23 "zilizopitwa": draiva nyingi zinazokuja ndani ya Windows yenyewe zimeandikwa tarehe 21 Juni 2006. Microsoft huiweka tarehe hiyo makusudi, ili draiva ya mtengenezaji wa kifaa ikija ionekane mpya zaidi na ichukue nafasi. Faili za Intel za chipu za bodi zina tarehe ya 18 Julai 1968, siku Intel ilipoanzishwa, kwa sababu hiyohiyo. Programu za kutafuta draiva zinasoma tarehe hizo na kukutisha nazo. Mwaka jana niliruhusu moja ya aina hiyo kwenye mashine nne za shule. Mbili zilipoteza mtandao, moja ikawa inaganda ikiwashwa, na wanafunzi walibaki na zamu mbili kwa mashine moja hadi nilipomaliza kurekebisha. Bado inaniuma.

Fundi_wa_Jinja

Shikamoo mwalimu. Nimesoma yote, acheni niyapange kwa hali ya huyu ndugu.

Windows Update ndiyo ningeanza nayo, kabla ya katalogi, na Binti asinikasirikie. Chanzo ni kilekile, ila Windows inachagua yenyewe toleo linalofaa. Katalogi inakuletea mistari kumi ya draiva ileile na mtu mgeni anachukua ya biti 32 au ya Windows 7. Tatizo lako ni kwamba Windows haina mtandao. Chomeka simu ya Android kwa waya wa USB, washa kushirikisha intaneti kwa USB, Windows 10 itaiona kama waya wa mtandao bila kuhitaji draiva yoyote.

LAKINI kabla hujachomeka kwa muda mrefu: nenda kwenye mipangilio ya mtandao huo na uuwekee alama kuwa ni wa kipimo, yaani Metered connection. Usipofanya hivyo, Windows iliyopigwa upya itameza data yako yote ya wiki kwa masasisho makubwa kabla hujafika kwenye draiva. Kisha kwenye mipangilio ya vifaa, kule kwa Bluetooth, ruhusu draiva zipakuliwe hata kwenye mtandao wa kipimo. Sasa fungua Windows Update, tafuta View optional updates, kuna sehemu ya draiva. Chagua picha, sauti na wi-fi. Zile nyingine zipite, kama alivyosema mwalimu.

Kitu ambacho hakionekani hapo, ndipo uende katalogini kwa namba za Binti. Faili ya .cab ifungue kwa `expand -F:* faili.cab D:\draiva\sauti`, folda uwe umeitengeneza kwanza. Halafu kwenye Device Manager, orodha ya vifaa ndani ya Windows, bofya kulia kifaa, chagua kusasisha draiva kutoka kwenye kompyuta yako, na uonyeshe folda hiyo.

Tovuti ya Dell mimi ningeiacha ya mwisho kwa mashine hii, ila kwa BIOS, programu ya bodi inayoamsha mashine, ni hapo hapo tu, si kwingine. Na BIOS usiiguse bila UPS, betri ya kushikilia umeme ukikatika. Umeme ukikatika wakati inaandikwa, bodi inaweza isiamke tena, na hakuna draiva ya kutibu hilo.

Mchapaji_Busia

Asanteni sana, nimejifunza mengi kwa saa moja kuliko kwa wiki nzima. Wasiwasi wangu mmoja: je, draiva za Windows zinaweza kuniharibia menyu ya Mint? Nilihangaika nusu siku kuirudisha.

Fundi_wa_Jinja

Draiva peke yake, hapana. Inakaa ndani ya C:\Windows, na GRUB, programu ya ile menyu ya kuwashia, iko nje kabisa ya hapo. Linalogusa menyu ni sasisho kubwa la Windows, BIOS, au mtu kupiga Windows upya kama ulivyofanya.

Lilitokea jambo moja Agosti 2024: sasisho la Windows la mwezi huo liliweka kizuizi kwenye Secure Boot, kinga inayokagua mfumo kabla haujawaka, na watu wengi wenye mifumo miwili wakawasha Linux na kukutana na maandishi "Verifying shim SBAT data failed". Aliyekwama hivyo alizima Secure Boot, akaingia Linux, akaandika `sudo mokutil --set-sbat-policy delete`, akawasha upya. Halikuwa suala la draiva. OptiPlex 790 yako ni ya kabla ya Secure Boot kuenea, kwa hiyo lala salama. Flashi ya Mint uliyotumia kwa Boot Repair usiifute tu.

Binti_Mbale

Naongeza moja linalohusu watu wa mifumo miwili. Zima Fast Startup, uwashaji wa haraka wa Windows: fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika `powercfg /h off`. Ikiwa imewashwa, Windows ukiizima haizimiki kabisa, inahifadhi nusu ya hali yake kwenye diski. Mint ikija inakuta sehemu ya Windows imefungwa, inakuruhusu kusoma tu. Ukipakua .cab kwa Mint na kutaka kuiweka D: itakukatalia, utadhani diski imekufa. Na baada ya kuweka draiva, chagua Restart, usizime na kuwasha. Kama Fast Startup bado ipo, kuzima na kuwasha hakuanzishi mfumo upya kikamilifu.

Kaka wa Kasese, sijasahau Snappy yako. Kama kuna jirani mwenye mkusanyiko kwenye diski, kuazima kwa jioni moja ni rahisi kuliko njia zote hizi.

Kasese256

Ndivyo ninavyofanya, dada. Nakubali kwamba kupakua mkusanyiko wote kwa ajili ya mashine moja ni hasara. Inawezekana kupakua faharasa peke yake halafu pakiti unayohitaji, lakini hata pakiti moja inaweza kuzidi data ya siku kadhaa. Ninalosisitiza: ukitumia Snappy, tengeneza kwanza pointi ya kurejea, sehemu ya kufanya hivyo imo ndani yake, na usibofye chagua zote. Chagua vile vitatu.

MwalimuArua

Hapo tumekutana. Pia, mchapaji, usikubali mtu akushawishi kuhamia Windows 11 kwa sababu msaada wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai TPM 2.0, chipu ya usalama, na, kwa Intel, karibu orodha yote ya prosesa inaanzia kizazi cha 8. Yako ni ya kizazi cha 2. Kuilazimisha kunawezekana, ila huko ndiko draiva zitakusumbua kweli. Wewe endelea na mpango wako wa kuingia intaneti kwa Mint, na Windows ibaki ya kuchapa.

Mchapaji_Busia

Narudi na majibu. Leo Jumapili duka limefungwa nikapata nafasi.

Nilifuata njia ya Fundi. Simu kwa waya, nikaweka alama ya kipimo, nikaruhusu draiva. Picha ilijitokeza kwenye masasisho ya hiari, skrini ikafifia mara mbili, ikarudi 1920 kwa 1080. Karibu nilie kwa furaha, kwa sababu siku nne nimekuwa nikipanga mitihani kwa herufi zilizovimba. Sauti nayo ikaja.

Wi-fi haikuonekana. Nikaenda Mint, `lsusb` ikasema 0bda:8179, yaani Realtek RTL8188EUS. Katalogini nikapata orodha ndefu. Ya kwanza niliyochukua Windows iliikataa, kumbe ya toleo jingine. Ya pili ikakubali.

Mwishoni nina swali dogo. Nikitoka Mint na kuingia Windows, saa inakuwa nyuma. Risiti za jana zimetoka na muda wa asubuhi na ilikuwa mchana. Hiyo nayo ni draiva?

Binti_Mbale

Hongera sana! Saa si draiva. Iko nyuma kwa saa tatu kamili? Kama ndiyo, ni tofauti yetu na UTC, saa ya kimataifa. Mint inaandika UTC kwenye saa ya bodi, Windows inaisoma kama saa ya hapa. Ingia Mint uandike `timedatectl set-local-rtc 1`. Kama inarudi nyuma miaka, basi ni betri ya bodi, CR2032, inauzwa hata kwa mafundi wa saa.

Fundi_wa_Jinja

Na kabla hujafunga mashine leo, fanya hili. Chomeka flashi, tengeneza folda, na kama msimamizi andika `pnputil /export-driver * E:\draiva`, ukibadilisha herufi iwe ya flashi yako. Itanakili draiva zote zilizoongezwa juu ya zile za Windows. Siku utakayopiga Windows tena, hutahitaji simu, wala katalogi, wala sisi. Ukiwa kwenye folda hiyo unaandika `pnputil /add-driver *.inf /subdirs /install`, zinarudi zote.

Mchapaji_Busia

Ningejua hili wiki iliyopita! Nimenakili kwenye flashi mbili, moja nimempa mke wangu aiweke kabatini na vyeti vya watoto. Saa ilikuwa nyuma tatu kamili, dada. Nimeandika amri, nimetoka Mint, nimeingia Windows: saa mbili na dakika kumi usiku, sawasawa na simu.