Tupeane uzoefu: kifaa gani cha kutazama televisheni ya intaneti kinafaa majumbani mwetu, Mtwara na Lindi?

Mtoa mada, Shangani, Mtwara

Ndugu zangu wa Kusini, salamu kwenu nyote. Naomba kila mmoja aeleze kifaa alichokitumia yeye mwenyewe nyumbani kwake, kwa kuwa matangazo mengi huandikwa kwa ajili ya watu wenye faiba isiyokatika, ilhali wengi wetu tunatazama runinga kwa intaneti ya simu huku tukihesabu GB.

Naanza na yangu. Ninatumia Mi TV Stick ya Xiaomi, kijiti kinachochomekwa kwenye runinga, ile iliyotoka mwaka 2020, yenye picha ya 1080p (namba hiyo ikipungua, ubora wa picha nao hupungua), RAM ya GB 1 na nafasi ya kuhifadhi ya GB 8. Siku za mwanzo nilikaribia kuirudisha dukani. Ilikuwa inawaka, inaonyesha nembo, halafu picha ikianza tu kucheza inazimika na kuanza upya. Kosa lilikuwa langu: nilikuwa nimechomeka waya wake wa umeme kwenye tundu la USB la runinga ili kupunguza nyaya nyuma ya meza, na tundu hilo kwenye runinga nyingi hutoa nusu ampea tu, wakati kifaa kinahitaji ampea moja. Nilipoihamishia kwenye adapta yake, tatizo likaisha siku hiyo hiyo.

Lililonigharimu zaidi ni bando. Niliweka GB 20 nikiamini zitafika mwisho wa wiki, zikaisha jioni ya tatu. Netflix wenyewe wanaeleza kuwa ubora wa juu unaweza kula hadi GB 3 kwa saa, na picha ya 4K hadi GB 7, lakini ubora wa kati hutumia takribani GB 0.7 tu. Mpangilio huo sikuuona kwa rimoti hata nilipopekua kila mahali, kwa sababu hubadilishwa ndani ya akaunti, kwa kivinjari cha simu au kompyuta. Kwenye YouTube unaweza kushusha hadi 480p papo hapo, na kwenye runinga yetu ya inchi 32, ukikaa kwenye kochi, tofauti huioni sana. Tangu hapo, kifaa chochote ninachoulizwa habari zake, swali langu la kwanza ni kama kinamruhusu mwenyewe kushusha ubora wa picha.

Mchangiaji, Nachingwea

Ahsante, ndugu mtoa mada. Mimi nililetewa na shemeji yangu Chromecast, kifaa cha Google cha kuchomeka kwenye runinga, ya kwanza kabisa, ile ya mwaka 2013, akitokea Uingereza. Wengi hudhani kwamba simu ndiyo inayorusha picha kwenda kwenye runinga, lakini sivyo: simu hutoa amri tu, na Chromecast huenda yenyewe kwenye intaneti kuichukua video, hata ukiendelea kupiga simu picha haikatiki. Kwa hiyo, inahitaji mtandao wake, nami nilitumia simu ya pili kurusha intaneti (hotspot) kwa simu yangu na kwa Chromecast. Siku mbili nzima haikuuona mtandao huo, mpaka nilipogundua kuwa simu ilikuwa inarusha kwa masafa ya GHz 5, na Chromecast hiyo ya kwanza inapokea GHz 2.4 peke yake. Nilibadilisha sehemu moja kwenye mipangilio ya simu, ikaunganika.

Shida iliyobaki ni ya kifamilia. Haina rimoti, na mama yangu hatumii simu ya kupangusa, kwa hiyo nikitoka na simu yangu kwenda shambani, yeye anabaki na kioo cheusi. Kwa mtu mwenye wazazi nyumbani, namshauri atafute iliyotoka mwaka 2020 na kuendelea, ambayo ilikuja na rimoti. Ajue pia kwamba Google walisimamisha utengenezaji wa Chromecast mwaka 2024 na kuweka Google TV Streamer mahali pake.

Mchangiaji, Masasi

Naomba mnisome kwa makini, kwa sababu yangu yalinipotezea fedha za msimu wa korosho. Nilinunua boksi la Android lisilo na jina lolote la kueleweka, kasha likiwa limeandikwa 4K kwa herufi kubwa, na muuzaji akaniahidi chaneli zote bure. Netflix ilifunguka ile ya simu, ambayo haitii rimoti, ikabidi nichomeke kipanya cha kompyuta ili kubonyeza, na picha haikuvuka 480p. Sababu ni kwamba kampuni za filamu hutoa picha ya ubora wa juu kwa kifaa chenye kibali chao tu, hata kama kioo na kichakataji vinaweza zaidi.

Hilo ningelivumilia. Lakini asubuhi nilianza kukuta bando limepungua ilhali runinga ilikuwa imezimwa usiku kucha. Nilipofungua orodha ya matumizi kwenye ruta, boksi ndilo lililokuwa juu kabisa. Baadaye, mwezi Juni 2025, FBI ya Marekani ilitoa onyo kuhusu mtandao wa kihalifu uitwao BADBOX 2.0, unaotumia vifaa vya namna hiyo vilivyoingizwa programu hasidi, mara nyingine kabla havijamfikia mnunuzi, ili wahalifu wapitishe shughuli zao kwenye intaneti ya nyumbani kwako. Moja ya dalili walizozitaja ni kifaa kukutaka uzime Google Play Protect, ulinzi wa Android dhidi ya programu hasidi, na langu lilinitaka hivyo siku ya kwanza. Siwezi kuthibitisha kuwa langu lilikuwa mojawapo, ila nimelichomoa na sikumpa mtu mwingine.

Mchangiaji, Mtanda, Lindi

Nyumbani kwa mjomba tuna runinga ya chogo, na nimefanikiwa kuiunganisha na Fire TV Stick, kijiti cha Amazon, kwa kigeuzi cha HDMI kwenda zile nyaya tatu za nyekundu, nyeupe na njano. YouTube inaonekana vizuri, ila maandishi ya menyu ni madogo mno kwa macho ya mzee. Baadhi ya programu za kulipia hukataa kucheza kupitia kigeuzi, kwa sababu ya HDCP, kinga inayozuia video kunakiliwa.

Mtoa mada

Ndugu wa Masasi, pole sana, na ahsante kwa kulieleza wazi. Kwa wanaotaka kununua: nendeni dukani na simu yenye bando, mwombe kifaa kiwashwe mbele yenu, kisha mfungue Play Store na Netflix kwa rimoti tupu, bila kipanya. Muuzaji akikataa, ondokeni.

Mchangiaji, Ruangwa

Mimi sikuacha kisimbuzi. Namungo ikicheza tunatazama kwa dishi, kwa kuwa mechi nzima haigusi bando hata kidogo, na kijiti cha intaneti nimewaachia watoto kwa masomo ya YouTube, saa moja baada ya chakula cha jioni, kwa 360p.