Nitajuaje kama huu ni ulafi au ni uraibu wa chakula, na nianzie wapi kutafuta msaada?

Swali

Ndugu zangu, nawasalimu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Morogoro, nina miaka 34 na watoto wawili. Kwa zaidi ya mwaka mmoja nimekuwa na jambo ambalo sijamweleza mtu yeyote. Mchana najinyima: asubuhi chai kavu, saa saba tunda moja, kwa sababu nimeazimia kupungua. Usiku, watu wote wakishalala, naingia jikoni bila kuwasha taa na kula nikiwa nimesimama, iwe ni ukoko wa wali, mkate au maandazi ya watoto ya asubuhi, hadi tumbo linauma na bado mkono unarudi kwenye bakuli. Juma lililopita nilimaliza maandazi manane, kisha nikaamka saa tisa usiku kukanda unga mwingine ili pengo lisionekane. Nafunga Jumatatu na Alhamisi, na nakiri kwamba nia yangu siku hizi si ibada peke yake, bali ni kufidia nilichokula. Kwa kuwa mimi si mnene sana, nahofia kwamba nikienda hospitali nitaambiwa nijizuie tu. Je, huu ni ulafi au ni ugonjwa?

Jibu la kwanza, kutoka kwa muuguzi wa afya ya akili, Dodoma

Dada yangu, pole, na ahsante kwa kueleza waziwazi. Neno ulafi liweke kando, maana mlafi hufurahia anachokula, nawe unaeleza jambo linalokutesa.

Wataalamu bado wanabishana kama chakula kinaweza kuitwa kitu cha uraibu kama zilivyo pombe na dawa za kulevya. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walitunga dodoso la kupima uraibu wa chakula kwa kufuata vigezo vya utegemezi wa dawa: kula kuliko ulivyokusudia, kujaribu kuacha na kushindwa, kuendelea ingawa unaona madhara. Hata hivyo, mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa mwaka 2013 haukuutambua uraibu huo kuwa ugonjwa. Uliutambua ugonjwa wa kula bila kujizuia, yaani kula kingi kupita kawaida ndani ya muda mfupi huku ukihisi huwezi kusimama, angalau mara moja kwa juma kwa miezi 3. Dalili zinazoambatana nao ni kula upesi, kula bila njaa, kujificha kwa aibu, na kujichukia baadaye. Uzito wa mwili si kigezo.

Jambo la kufunga ili kufidia mweleze daktari bila kuficha, kwa kuwa linaweza kubadilisha utambuzi wa ugonjwa wenyewe. Kama pia unajitapisha au unatumia dawa za kuharisha, usisubiri, kwa maana potasiamu ikishuka mwilini mapigo ya moyo huvurugika.

Nenda hospitali ya rufaa ya mkoa, uulizie kliniki ya afya ya akili. Chukua daftari ulimoandika kwa siku 7 saa uliyokula, ulichokula, mahali ulipokuwa na ulichohisi kabla ya kuanza; ukurasa kama huo humsaidia daktari kuliko maelezo ya kukumbuka mkiwa mmekaa. Wakati unasubiri, kula milo 3 na vitafunio 2 kwa siku, bila kukaa na tumbo tupu kwa zaidi ya muda wa saa 4. Najua utaogopa kunenepa, lakini njaa ya mchana ndiyo inayokuamsha usiku.

Jibu la pili, kutoka Nairobi

Mwalimu, mimi ni mwanamume wa miaka 51, na nilikuwa nikila ndani ya gari nililoegesha mbali na nyumbani. Kilichonisaidia ni mikutano ya Overeaters Anonymous, ushirika ulioanzishwa Los Angeles mwaka 1960 kwa kufuata hatua 12 za walevi wanaoacha pombe. Nahudhuria kwa simu, na hakuna ada. Hapa ninatofautiana kidogo na muuguzi: kwangu vitu vitamu vya ngano haviingii nyumbani kabisa, kwa sababu kipande kimoja hunirudisha nilikotoka.

Muuguzi, tena

Kaka, naheshimu njia iliyokuokoa. Hofu yangu ni kwa mtu ambaye tayari anajinyima: kila chakula anachokipiga marufuku huwa ndicho anachokiota usiku. Ndiyo maana katika tiba ya kubadili fikra na tabia, yenye ushahidi mkubwa zaidi kwa ugonjwa huu, vyakula vinavyoogopwa hurudishwa mezani taratibu. Uamuzi huo aufanye pamoja na mtaalamu.

Muulizaji

Nawashukuru nyote wawili. Jana nilimwambia mume wangu. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema kuwa alikuwa akisikia kifuniko cha bakuli usiku na hakujua aniulize vipi. Leo nimekula uji na yai kabla ya kwenda shuleni, na daftari nimelianza. Alhamisi hii sitafunga. Tutakwenda naye kliniki.