MREJESHO: Kukimbia na mbwa asubuhi, Dar

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi. Niliuliza kwa nini mbwa wangu, German Shepherd wa miaka mitatu, analala chini katikati ya mbio na kugoma kuendelea. Asanteni sana nyote mliojibu.

Ushauri uliofanya kazi kuliko wote ni wa kubadili muda wa kukimbia. Sasa tunatoka alfajiri, kabla jua halijapasha lami. Daktari wa mifugo naye alinieleza kwamba mbwa hupoza mwili hasa kwa kuhema ulimi nje, na kwenye unyevu wa Dar njia hiyo hufanya kazi kwa shida, achilia mbali manyoya mazito ya huyu wangu. Kabla ya kuondoka naweka mgongo wa kiganja kwenye lami. Nikishindwa kuuacha hapo kama sekunde saba, hatukimbii. Pia tunapishanisha kutembea na kukimbia, maji nabeba, na chakula anapata baadaye akishapoa. Hajagoma tena, na mimi pumzi imeongezeka kweli kweli.

Mkanda wa kifuani badala ya kola umesaidia nusu. Hakabwi tena shingoni, ila akiona mbwa koko bado anavuta kwa nguvu zote. Mbinu ya kumpa kipande cha nyama ili asiwaangalie haijafaulu, kwa hiyo nimebadilisha njia tunayopita.

Aliyenikumbusha chanjo ya kichaa cha mbwa, ubarikiwe mkuu. Ameshachanjwa.