Kugeuza Hiace iwe chumba cha giza cha kubadilishia filamu, mnafanyaje?

kemera_ya_mbao
Wakuu salama? Mwezi ujao naelekea Ziwa Natron na kemera ya shiti 4x5 (filamu ya vipande, kila picha kipande chake cha inchi 4 kwa 5), nitakuwa nalala kwenye Hiace niliyoitengeneza kama kempa, ina kitanda na kabati na madirisha kibao. Holda, yaani vibebeo vya kuingiza filamu kwenye kemera, ninazo sita, kila moja inabeba shiti mbili, so nikishapiga picha 12 lazima nitoe zilizopigwa niweke mpya hukohuko porini. Mfuko mweusi wa kubadilishia filamu ninao lakini kwa lile joto mikono inalowa jasho humo ndani na nahofia vidole kushika upande wa dawa, ule unaonasa picha. Nataka gari lenyewe ndo liwe dakrumu, chumba cha giza, usiku. Nifunikie nini? Na taa nyekundu inaruhusiwa? Filamu ni HP5, ya nyeusi na nyeupe.

mama_negativu
Taa nyekundu sahau kabisa kaka. HP5 inaona rangi zote, nyekundu ikiwemo, ile taa ni ya karatasi za picha na filamu chache za otho, zile zisizoona nyekundu. Hapo ni giza totoro na vidole tu.

Madirisha kata maboksi magumu kwa kipimo cha kila kioo, nje bandika foili ndani kitambaa cheusi, yaingie kwa kubana. Kioo cha mbele usihangaike nacho, ning'iniza pazia zito la tabaka mbili nyuma ya siti ya dereva lifike mpaka chini na pembeni lishikwe na tepu. Alafu zima kila kitu ukae humo dakika 20 hivi, macho yanachelewa kuzoea giza, watu wanakaa dakika mbili wanasema pako poa kumbe mwanga unaingia kwenye tundu la hewa la juu ya paa na kwenye raba za milango. Na usitafute mwanga wa nje tu, kuna taa ndogo ya friji, ya alamu kwenye dashibodi, saa ya mkononi yenye mishale inayong'aa, na taa ya dari inayowaka mlango ukifunguliwa, hiyo toa balbu kabisa.

fundi_wa_picha_Moshi
Dada kamaliza kwenye mwanga, mi naongelea vumbi maana kule ndo litakutesa. Lile ni vumbi la magadi na majivu ya ile volkano ya Ol Doinyo Lengai, jepesi mno, punje moja tu kwenye shiti inakuachia kidoa kwenye anga yote. Paki mapema, futa meza kwa kitambaa kibichi, pulizia maji kidogo hewani, subiri litulie, ndo ufungue boksi. Feni usiwashe. Jiko la gesi pia usiwashe ndani ukiwa umefunga kila kitundu, hewa inaisha. Na fanya usiku pakishapoa, mchana lile gari likifungwa hivyo hukaliki.

Roger Fenton mwaka 1855 alienda vita vya Crimea na gari la farasi lililokuwa la muuza mvinyo, akaligeuza dakrumu, na yeye picha alipigia kwenye kioo kilichopakwa dawa, akalazimika kuisafisha picha hapohapo kabla dawa haijakauka, joto likamtesa sana. Wewe unabadilisha tu, una nafuu kubwa.

kemera_ya_mbao
Asanteni sana. Sasa nitajuaje giza linatosha kabla ya kusafiri, macho yangu siyaamini sana.

mama_negativu
Toa shiti moja uilaze mezani upande wa dawa juu, weka sarafu katikati, iache dakika 5 hivi kisha isafishe kwa dawa kama picha ya kawaida. Ukiona duara la sarafu kuna mwanga unaingia. Najua shiti ni ghali ila hiyo moja itakuokolea boksi zima.

Kingine, gizani shika shiti wima, vile vipengo vilivyokatwa ukingoni vikiwa kona ya juu kulia upande wa dawa unakutazama wewe. Kifuniko cha holda upande mweupe ukiwa nje shiti ni mpya, mweusi ukiwa nje imeshapigwa. Zilizopigwa ziwe na boksi lake, lifunge raba bendi mbili, ukilipapasa tu usiku ujue ndo lenyewe.