Naomba ushauri: bungua wanatoboa mahindi yangu ya Bt

Mwanzisha mada: Ndugu wanajukwaa, kwa misimu mitatu nimepanda mahindi ya Bt (yaliyowekewa jeni ya bakteria ili yatengeneze sumu ya wadudu) yenye protini moja ya kuua bungua, yaani viwavi wanaotoboa mashina, na nimeyapanda shamba zima, kwa sababu niliona kwamba kutenga asilimia 20 kwa mahindi ya kawaida ni kuwalisha wadudu kwa gharama yangu. Msimu huu nimekuta mashina yametobolewa na viwavi wakiwa hai ndani. Je, mbegu ni mbovu?

Mchangiaji 1: Pole, ndugu. Kabla ya kulaumu mbegu, pima majani ya mashina yaliyotobolewa kwa vijiti vya kutambua protini ya Bt, kisha hakikisha kwamba huyo ni bungua kweli, kwa kuwa protini hizi haziui kila kiwavi. Protini ikiwepo na bungua akawa amenenepa, shuku usugu, yaani kwamba wadudu hao hawafi tena kwa sumu hiyo.

Mchangiaji 2: Naongezea. Mahindi ya kawaida hukuza nondo (bungua waliokomaa) wasio na usugu, ili wale wachache walionusurika kwenye Bt wapandane nao badala ya kupandana wao kwa wao. Ikiwa usugu unahitaji kurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili, watoto wao hufa wakila Bt. Afrika Kusini ilianza kupanda mahindi haya mwaka 1998, na kufikia 2007 usugu wa bungua ulikuwa umeripotiwa. Wakulima walikuwa na chaguo la kutenga asilimia 20 inayopuliziwa dawa au asilimia 5 isiyopuliziwa, lakini wengi hawakutenga ipasavyo.

Mwanzisha mada: Nashukuru. Je, nikichanganya mbegu katika mistari ileile?

Mchangiaji 2: Sikushauri. Bungua huhama: huanzia shina la kawaida, hukomaa kidogo, kisha huingia la Bt akiwa na nguvu ya kustahimili sumu. Marekani huruhusu mchanganyiko wa asilimia 5 katika maeneo yasiyolima pamba, lakini kwa mbegu zenye protini zaidi ya moja dhidi ya mdudu yuleyule. Tenga kipande kinachopakana na Bt, ukipande wakati mmoja na aina inayokomaa sambamba, na usikipulizie dawa ya Bt.

Mchangiaji 1: Ukihamia mbegu ya protini mbili, uliza ni zipi, kwani ikiwa moja ni ileile iliyoshindwa, ya pili itabaki peke yake. Mabua ya msimu huu yaharibu mapema, kwani bungua hujificha humo akisubiri mvua.